Simu Yangu, Ng'ombe wa Mtu

Tinde, Jumanne jioni

Bado sielewi. Simu imejaa, na yenyewe imenishauri nifute video ya marehemu mama akipepeta mtama huku akinitania. Hiyo ndiyo imeona haina kazi! Mchezo wa kamari uliokuja na simu, ambao sijawahi hata kuufungua, haikuutaja.

Nikajaribu kuufuta huo mchezo. Haufutiki. Nikaenda kwa Masanja, fundi simu wa pale stendi. Akabonyeza-bonyeza weee, akanirudishia.

"Huu hautoki, Mama Kulwa. Umewekwa huko huko kiwandani."

"Kwani simu ni ya nani?"

"Yako, mama."

"Basi nitolee."

"Hautoki."

Akacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Labda mshamba ni mimi, sijui.

Njiani nikawakumbuka ng'ombe wa baba mdogo, wale tuliowatunza nyumbani nikiwa mtoto. Maziwa tulikunywa, samadi tulitia shambani, lakini kuchinja au kuuza hata mmoja, mpaka mwenyewe aseme. Wala hatukuchanganyikiwa. Tulijua si wetu, na mwenyewe tulimjua.

Huyu mwenye simu yangu simjui. Nikamwombe nani ruhusa?

Video sijaifuta. Jumapili Kulwa na Doto wanapata kipaimara, na picha zao sijui nitaziweka wapi.

Na simu hii niliinunua kwa kuuza mtamba wangu, aliyezaliwa zizini kwangu. Siku namuuza, sikumwomba mtu ruhusa.