Ukuta wa Majina Yaliyokatwa

3 Februari

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Mimi na mama tu wazima. Kikohozi chake kimekwisha, sasa anaimba tena akifua, na majirani wanasema afadhali kikohozi. Mgongo wako je? Bado wanakuachia yale mashuka mazito uyabebe peke yako?

Mama amesema nikuandikie mimi kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, na kwa sababu yeye akianza kueleza habari hii anacheka, na habari yenyewe si ya kucheka. Chumba cha duka bado ni kitupu. Jana alikuja muuza dawa kukitazama. Alikipenda. Alipima kwa hatua mahali pa kuweka rafu zake, akasifu sakafu, akauliza maji hutoka siku gani. Kisha akatoka nje kuutazama ukuta wa mbele.

Tulipohamia vyumba vya nyuma tuliukuta vile vile, tukauzoea. Umeandikwa kwa mkaa, kuanzia magotini hadi mtu mrefu anapofikisha mkono. Ni majina tu: Baba Pacha, Dobi, Fundi Bomba, Mjomba Soda, Kipara, na mengine mengi. Na karibu yote yamepigwa mstari katikati.

Muuza dawa aliyasoma polepole. Akaniuliza, "Binti, hawa waliokatwa wamekwenda wapi?"

Nikasema sijui, kwa kuwa mwalimu wetu hutufundisha kusema sijui pale tusipojua.

"Na hawa ambao hawajakatwa?"

Nikasema hao nao siwajui.

Akafunga mkoba wake. Mama alimkimbilia hadi kona akisema, "Dada, ni wahuni tu wa mtaani!" Naye akajibu bila kugeuka, "Ndiyo hao hao ninaowakimbia!"

Sijasahau ulichotuandikia. Siku shule itakapofungwa, mwishoni mwa Machi, kama chumba hakijapata mpangaji, utamkubalia jirani yetu mwenye ghala la saruji, naye ataibomoa nyumba yote aongeze ghala lake. Lakini mimi nina matumaini. Chumba ni kizuri, kibaya ni ukuta tu. Naomba ruhusa ya kuupaka chokaa.

Mwanao

---

14 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo nami nipo, tunavumiliana. Hapa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali tumeletewa mashine mpya inayonguruma kama mama yako akiimba. Mwambie nimesema hivyo, asikasirike.

Barua yako nilimsomea mwenzangu tunayekunja naye mashuka. Tulicheka hadi msimamizi akaja kuuliza kuna nini. Nilipobaki peke yangu sikucheka tena. Nyumba hiyo niliijenga kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka ujao madirisha, na siku lilipopigwa bati la mwisho nililala chini yake bila godoro kwa furaha. Sipendi kuiuza. Lakini paa la nyuma linavuja juu ya vichwa vyenu, na kodi ya chumba cha mbele ndiyo iliyokuwa ikilitengeneza. Mwenye ghala ameniandikia tena. Ameandika kwa adabu, sina la kumlaumu, nami nimemwahidi jibu siku ile ile niliyowaambia.

Mpangaji ni kama mchumba. Hutazama sura kwanza, tabia huiuliza baadaye. Akiona ukuta umechafuliwa anajiuliza kama mlango wake utavunjwa, kama wateja watathubutu kuingia. Na hata asiyeogopa atajifanya anaogopa ili apunguziwe kodi. Kwa hiyo paka chokaa, na upake kila mara kabla mtu hajaja kutazama. Kinyozi aliyekuwa hapo, Mzee Taratibu, kabla mkono wake haujaanza kutetemeka akaenda kukaa kwa mwanawe, alikuwa akiupaka mwenyewe kila ulipochafuka. Sikuwahi kumwagiza. Mpangaji wa namna ile sijui nitampata wapi tena.

Usiache kusoma kwa ajili ya brashi.

Mama yako Mkubwa

---

25 Februari

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo, na pole na kazi. Sisi hatujambo, ila mama amekataa kuimba tangu aliposikia habari za ile mashine. Majirani wanakusalimu sana na kukushukuru.

Nilipaka chokaa mchana kutwa, ukuta ukang'aa kama sare ya siku ya kwanza shuleni. Kesho yake mshonaji alikuja kutazama chumba. Nilifungua mlango kwa fahari nikamwonyesha ukuta, na ukuta ulikuwa na majina! Mapya, meusi, hayajakatwa hata moja. Nikapaka tena. Yakaja tena, tena mengi kuliko mwanzo. Kila nikipaka vizuri zaidi ndivyo yanavyowahi zaidi.

Mshonaji alisema, "Nitachukua kwa nusu ya kodi, na chokaa juu yenu kila wiki."

Mama akamwuliza, "Kwa nusu ya kodi, na nikushonee pia?"

Akaenda zake. Baadaye mama alijuta, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Nikaandika kwa herufi kubwa: TAFADHALI USIANDIKE HAPA. Niliporudi kutoka shule, chini yake palikuwa na neno moja, "Sawa," na pembeni yake, "Baba Pacha." Mwingine ameandika, "Mimi kabla ya Kipara." Mwingine, "Nilitangulia, asibishe mtu." Mama Mkubwa, hawa ni wahuni wa namna gani? Hawatukani, hawachori picha mbaya, na wanaandika kwa mstari ulionyooka kuliko daftari za darasa letu. Nimefikiri sana na sijaelewa. Ila chokaa bado ipo, nami bado nipo.

Mwanao

---

7 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini mmeamka salama, nami nimeamka salama.

Leo sina maneno mengi. Umefanya kazi ya mtu mzima na nimejivunia wewe mbele ya wenzangu wote. Sasa iache. Wapangaji wawili wameshautangaza ukuta huo mtaa mzima, na jina la nyumba likiharibika halisafishwi kwa brashi. Mwambie mdogo wangu aanze kuulizia vyumba vya kupanga karibu na shule yako, ili usihangaike. Barua ya mwenye ghala nitaituma siku niliyosema.

Usikate tamaa ya maisha, mwanangu. Kata tamaa ya ukuta tu.

Mama yako Mkubwa

---

17 Machi

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo! Sisi ni wazima kabisa, nawe nakuombea uzima, na tafadhali kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Sikukutii. Naomba radhi sasa hivi ili usome kwa amani. Chokaa ilikuwa imebaki kidogo kwenye ndoo na nikaona ni dhambi kuimwaga, kwa hiyo nilikwenda kuimalizia ukutani. Nikiwa napaka, mzee mmoja mwenye nywele nyeupe hadi masikioni akaja akasimama nyuma yangu.

"Habari za kazi, binti?"

"Nzuri, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Endelea tu, usijali, pale pembeni pameshakauka." Akatoa kipande cha mkaa mfukoni mwa koti, akaandika taratibu: MZEE WA SAA. Mbele ya macho yangu, na brashi inanidondokea miguuni!

"Babu! Ndiyo kwanza nimepaka!"

"Ndiyo maana nimewahi. Safari iliyopita nilichelewa, Kipara akanitangulia. Haya, anafungua lini?"

"Nani?"

"Taratibu! Si anarudi? Mbona unapaka chokaa?"

Nilimwita mama aje asikie mwenyewe. Mama Mkubwa, vinyozi wengine wana benchi la kusubiria, Mzee Taratibu alikuwa na ukuta. Mkono wake ulikuwa mzuri lakini wa polepole, kichwa kimoja kiliweza kula asubuhi nzima. Basi mtu alikuja, akaandika jina lake, akaenda zake kwenye shughuli. Zamu ikifika anaitwa, akishanyolewa anakatwa. Ukuta ukijaa mzee anaupaka chokaa. Na chokaa mbichi, kwa watu wa mtaa huu, maana yake ni moja: foleni mpya, wahi! Kwa hiyo waliokatwa walikwenda nyumbani wamependeza. Na mimi, kila nilipopaka ili niwafukuze, nilikuwa nawaita.

Mama alicheka hadi akaketi juu ya ndoo. Kisha akauliza, "Na huyo Kipara, ananyolewa nini?"

"Ndevu," akasema Mzee wa Saa. "Na kila siku anataka apunguziwe, eti kichwa hakihusiki."

Tukamwuliza siku hizi wananyolewa wapi. Akasema wengi hawanyolewi, ndiyo maana mtaa umekuwa kama msitu. Wachache huenda hadi lango la soko, kwa dada mmoja anayenyoa chini ya mwavuli, kioo chake kikining'inia kwenye uzio. Mkono mwepesi, ila mvua ikinyesha mteja hurudi nyumbani na nusu ya kichwa.

Tulikwenda siku ile ile. Yule dada, Dada wa Mwavuli, alitusikiliza huku mashine yake ikinguruma shingoni mwa mtu. Akasema, "Chumba nakitaka, lakini huko kwenu nani ananijua? Wateja wasiponifuata nitanyoa viti?"

Nikamwomba aje aone tu. Njiani mama alininong'oneza tutangulie kuufunika ukuta kwa shuka. Nikasema hapana, safari hii tunauonyesha wenyewe.

Alifika, akasimama mbele ya majina, maana tulipokuwa sokoni mengine yalikuwa yameshafuata chini ya lile la Mzee wa Saa. "Hawa ni akina nani?"

"Ni foleni, dada," nikasema. "Wanakusubiri wewe, ila bado hawajui."

Akanitazama kama mtu anayeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kisha akageukia barabara, akamruka Mzee wa Saa aliyekuwa amesimama kando yetu, akasoma kwa sauti, "Baba Pacha!"

Kutoka gereji ya ng'ambo mtu akaitika, "Nipo! Nanawa mikono!"

"Fundi Bomba!"

"Nipo!"

Hata kabla hajaita jina la tatu, mtu mwenye kichwa kinachong'aa na ndevu kama ufagio akatoka mbio kwenye duka la chai, kikombe mkononi. "Anayefuata ni mimi, asibishe mtu!"

Dada wa Mwavuli alicheka peke yake kwa muda mrefu. Jioni walisaini mkataba na mama, kwa kodi yako yote, bila kupunguza. Kifungu kimoja aliomba kiongezwe: ukuta wa mbele ni sehemu ya chumba alichopanga, na mtu yeyote asiupake bila ruhusa yake. Mama akamwambia, "Usiwe na wasiwasi, mwanangu ameshashika adabu."

Leo ni siku ya nne tangu afungue. Mwenye ghala naye alikuja, suruali imepigwa pasi, akaenda moja kwa moja kwenye kiti.

"Jina lako liko wapi, bosi?" akaulizwa.

"Mimi ni jirani hapa."

"Na jirani anajua kuandika?"

Alitoka akaandika. Akasubiri kati ya Dobi na Mzee wa Saa, wakamfundisha kucheza karata. Aliponiona aliniuliza, "Wewe ndiye unayemwandikia mwenye nyumba? Mwambie bado nangoja jibu langu." Hakuwa na ubaya usoni, Mama Mkubwa, ila nilikumbuka kwamba ulishampa ahadi.

Naikimbiza barua hii posta kabla dirisha halijafungwa. Mama ameshatoa sufuria kwenye maboksi na kuzirudisha kwenye rafu, ingawa nilimsihi tungoje neno lako kwanza.

Mwanao

---

28 Machi

Nyumba haiuzwi.

Salamu nitakuletea nyingi wiki ijayo, mwanangu. Sasa gari la posta liko mlangoni na dereva ananikodolea macho.

Barua ya kumkubalia mwenye ghala nilikuwa nimeshaiandika. Ilikuwa mfukoni mwa aproni, imefungwa, ina stempu, nasubiri zamu yangu iishe niipeleke. Ndipo ya kwako ikaletwa. Niliisoma kwa sauti mbele ya mashine zote, na nilipofika kwenye "Nipo!" chumba kizima kiliitika, msimamizi naye.

Ile ya mwenye ghala nimeichana. Mwambie wewe mwenyewe, na umwambie kwa heshima, maana hakunikosea kitu. Fundi wa paa aje mara tu dada huyo atakapolipa.

Stempu sikuichana. Niliibandua kwa mvuke wa pasi, na ndiyo hiyo iliyo juu ya bahasha hii. Pembe moja imeungua kidogo. Mama yako akiuliza kwa nini, mwambie mikono ya dada yake ilikuwa inacheka.

Mama yako Mkubwa