Mhadhara wa Kwanza Ulikuwa Mezani Kwetu

Ni mwaka mzima sasa, Baba, tangu ututoke, na mfuniko wa sufuria kubwa bado haujulikani uliko. Mama anaamini uko chuoni. Uliubeba asubuhi moja ukaenda kuwaonyesha wanafunzi wa uhandisi jinsi paa la mviringo linavyosimama bila nguzo, na maharage yetu yakaivia chini ya sinia.

Ndivyo ulivyokuwa. Kwa watu profesa, nyumbani mwizi wa vyombo. Kila mhadhara uliujaribu kwetu kwanza, vijiko vikiwa nguzo na mkate ukiwa daraja. Mama, fundi cherehani asiye na muda wa kupoteza, akisema, "Hapo sijakupata, baba watoto," ulibomoa kila kitu ukaanza upya. Hukununa hata siku moja, na tulikupenda kwa hilo.

Tena yule mwanafunzi wako tuliyempa jina la Kimya, kwa kuwa hakuwahi kuuliza swali darasani. Alifeli somo lako mara mbili, akafunga mizigo arudi kwao, masomo basi. Ulimleta nyumbani na mizigo yake, ukamketisha kati yetu, ukamwambia, "Leo bosi ni wewe. Ukipotea, gonga meza."

Aligonga kwelikweli. Chai ilimwagika, majirani wakadhani tunapigilia misumari. Jumamosi baada ya Jumamosi aligonga, hadi siku moja akakunyang'anya kijiko na kutueleza daraja yeye mwenyewe. Ulicheka mpaka miwani ikadondoka.

Mwaka huu, ingawa haupo tena, wanafunzi wamekuchagua mwalimu bora wa chuo. Tuzo yako iko juu ya kabati, na Mama huipangusa huku akikusema. Tunajivunia wewe, Baba.

Kimya alihitimu, na somo lako sasa analifundisha yeye. Wiki iliyopita tulikwenda kumsikiliza, tukaketi nyuma kabisa. Mwanafunzi mmoja akasimama kwa aibu, akasema, "Samahani mwalimu, mimi sijaelewa chochote." Darasa zima likacheka.

Kimya hakucheka. Aliweka chaki chini, akasema, "Basi kosa ni langu. Nimekuacha wapi?"

Mama alitushika mikono. Maneno yako hayo, Baba, uliyokuwa ukimjibu Mama pale mezani, neno kwa neno.

Unakumbukwa na mkeo mpenzi, sisi wanao watatu, wajukuu zako, dada yako mkunga, na Kimya, ambaye siku hizi anahesabiwa mtoto wa nne. Umo mioyoni mwetu siku zote.