Magogo ya Migomba

Bukoba,
4 Novemba 1953

Dada yangu Eugenia,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mguu wa mama umepungua uvimbe. Mimi sina ugonjwa. Nimefikia kwa binamu yetu Cassian, na mkewe Stephania ananilisha panzi wetu, senene, kila jioni kana kwamba nimetoka kifungoni. Nimemwambia asiharakishe.

Kesi yetu ilisikilizwa jana bomani. Apolinary alikuja na viatu vipya, akikibeba cheti chake cha maji mbele ya kifua kama padri aliyebeba Ekaristi. Bwana Shauri, ofisa wa wilaya anayeiamua kesi, alimwuliza kwa nini amejenga ukuta kwenye kijito cha Nyamiyaga na kukielekeza chote kwenye kahawa yake. Akajibu kwamba cheti kinamruhusu, tena sisi wa bondeni hatujawahi kumwagilia kitu; tunakunywa tu kama ng'ombe, na ng'ombe hana haja ya cheti. Watu wakacheka. Nikasimama nikasema kwamba ng'ombe wa kwetu Nyakatuntu wanakunywa bila kumzibia mwenzao, basi Apolinary apelekwe malishoni akafundishwe. Wakacheka tena, safari hii upande wetu.

Kisha nikaeleza. Nilisema mama zetu walikuwa wakiongoza maji ya kijito kile kabla baba yake Apolinary hajaondoka Muleba. Kila Juni tunachukua migomba iliyokwisha kukatwa ndizi, tunaipasua, tunaitoa moyo, tunayapanga magogo kichwa kwa mkia kutoka kijitoni hadi kwenye maharage na miche ya kahawa. Mvua ya kwanza ikinyesha, wanawake wanayang'oa na kuyatupa shambani yaoze. Bwana Shauri akauliza mfereji wenyewe uko wapi sasa. Nikamwambia umekuwa mbolea. Apolinary akasema hajapata kusikia mfereji unaoliwa na funza.

Ndipo Bwana Shauri akafungua jalada na kusoma fomu ya mwaka 1949, ile iliyompa Apolinary cheti. Swali lilikuwa: je, wako watu wa chini wanaomwagilia kwa kijito hiki? Jibu: hakuna. Chini yake sahihi mbili, ya mpimaji na ya mkalimani.

Dada, hapa mkono unakuwa mzito, lakini heri uyasikie kwangu kuliko sokoni Nkwenda. Mkalimani yule ni mimi.

Unaikumbuka Aprili ile nilipokuja na mzungu wa vipimo, ukatupikia ndizi. Aliniuliza watu wa hapa wanamwagiliaje. Magogo yalikuwa yamekwisha kung'olewa, hakuna cha kumwonyesha. Nilikuwa nimetoka Moshi, nimeona mifereji iliyochimbwa ikapendeza, nikaona haya kumwambia mtu mwenye vyombo vya shaba kwamba mama yangu anamwagilia kwa magogo yanayooza. Nikasema hakuna. Miaka minne nimemtukana Apolinary katika kila baraza, naye cheti chake kimesimama juu ya neno langu.

Jana nilisimama nikasema sahihi ni yangu na jibu ni la uongo. Bwana Shauri akauliza kama najua kwamba kuidanganya Serikali ni kosa. Nikamjibu kwamba kifungu chenyewe nimekisoma, akiandike, ila kwanza aandike kwamba maji yale yana wenyewe. Apolinary akasema aliyedanganya jana atadanganya na leo. Basi Bwana Shauri amekataa kuamini maneno yangu. Atakuja kuona mwenyewe tarehe 19. Kesi yangu mimi itafuata baadaye.

Kwa hiyo sikiliza. Tarehe 18 waite Kokubanza, Celestina na wanawake wote, mkate magogo na kuyapanga hadi shambani kwa mama, hata kama mvua inawanyeshea. Kijito kimejaa, ukuta wa Apolinary hauwezi kuzuia maji yote. Msimfiche lolote Bwana Shauri: mwambieni huu si msimu wa magogo, mmeyapanga ili aone. Gogo la kwanza aliweke mama.

Naye mwambie ukweli wote. Usimwambie nilipitiwa. Mwambie nilimwonea haya, na sasa ninamsimamia mbele ya Serikali nzima.

Wakinifunga, usije na machozi. Niletee maharage ya kiangazi kijacho, yaliyomwagiliwa.

Wasalimie wote wa hapo nyumbani, na mzee Projest umwambie shoka lake nitalihitaji tarehe 18, maana nitakuja kukata magogo pamoja nanyi.

Ni mimi mdogo wako,
Gosbert Rwegasira