Kijani Iko ya Kulia

Jude, acha kila kitu! Adrabo ametuaibisha hapa uwanja wa ndege Arua.

Unajua alivyotamba Koboko nzima: leo anafunga taa mpya kwenye mabawa ya ndege ndogo, na akifaulu anaajiriwa.

Fundi mkuu, Mama Driwaru, alimwambia, "Nyekundu iko ya kushoto, kijani iko ya kulia."

Akafunga, akawasha, kifua mbele.

Mama akaruka. "Kijani iko kushoto! Marubani watafikiri tunaruka kinyumenyume!"

"Lakini Mama, mkono yangu ya kulia chakula iko hii!"

Akainua wa kushoto. Wa KUSHOTO, Jude!

Mama alicheka mpaka akashika bawa. "Badilisha. Kazi umepata, lakini hapa utakula na mkono ya rubani."

Sasa anapambana na ugali wa enyasa kwa mkono wa kulia. Nusu iko kwenye shati.