Uso wa Maman Nabintu kwenye paketi ya chai

Alhamisi. Mvua ndogo ya kuudhi tangu asubuhi, na viatu vyangu bado vina tope la kijijini Miti. Nimekaa mbele ya mashine na sina hata nguvu ya kuvivua. Leo nimeaibika mbele ya wamama kumi na mmoja, na nilistahili.

Nieleze kwanza kazi yangu, kwa anayepita kwenye ukurasa huu mara ya kwanza. Nina kachumba ka kuchapisha picha pale Nyawera, mjini. Zamani nilitengeneza kadi za harusi, kalenda, vibao vya saluni. Siku hizi ni kilio juu ya kilio. Familia inaniletea picha ya marehemu kwenye simu, mara nyingi akiwa kwenye sherehe ya mtu mwingine, nami namkata pale alipo, namweka ndani ya duara, nyuma yake mbingu ya samawati, chini jina lake kwa herufi za kulala. Picha ya kubeba mbele ya jeneza na picha ya fulana za waombolezaji ni hiyo hiyo moja. Nimezoea.

Kinachoniogopesha ni kwamba nimezoea.

Ndiyo maana wamama wa Miti waliponiomba niwatengenezee paketi ya chai, nilikubali kabla hawajamaliza kueleza. Walikuwa wachumaji wa majani. Kiwanda kilipofunga milango, majani yakabaki shambani, wakaanza kuyasugua wenyewe kwa mikono na kuyakausha kwenye mikeka. Mwenye duka mmoja hapa Nyawera amekubali kuwapa nafasi kwenye rafu yake, mradi Jumamosi chai ifike ikiwa na sura ya kuuzika. La sivyo, nafasi anampa mwingine. Na chai ya wakati wa mvua haimngoji mtu, inavuta unyevu mpaka inanuka gunia.

Wiki nzima nilitafuta wazo. Kwenye simu niliangalia paketi za nchi za watu: rangi ya dhahabu, milima, vikombe vinavyotoa mvuke. Nzuri zote, na zote tumbo moja. Nikaenda sokoni kuwachungulia wanunuzi. Mama mmoja alichukua sashe ya chai, akaibinyabinya, akainusa, akairudisha. Hakusoma kitu. Nililiandika hilo kwenye daftari, halafu sikuelewa nilichoandika.

Hadi jana jioni sikuwa na kitu. Umeme ulikuwa unakuja na kukatika. Nikajiambia kwamba mtu humwamini mtu, basi niweke sura ya Maman Nabintu, mkubwa wao, aliyeanza kuchuma chai kabla mama yangu hajaolewa. Picha yake nilikuwa nayo. Nikafungua kazi moja ya zamani iliyokuwa na kila kitu tayari, nikautoa uso uliokuwemo, nikaweka wake, nikabadilisha jina la chini, nikahifadhi, nikachapisha. Haikuchukua hata nusu saa. Nikalala nikijisifu.

Leo nikaifungua karatasi mezani, nyumbani kwa Maman Nabintu.

Wamama wakasogea, wakainama juu yake.

Niliyaona macho yao kwanza, halafu ndipo nikaiona kazi yangu. Duara. Mbingu. Jina limelala chini. Ulikosekana msalaba tu. Cito, binti yake Maman Nabintu, akasimama, akaniita mjomba kwa Kifaransa. "Tonton, toa mama yetu pale. Hii iko picha ya kilio." Wengine wakageukia dirishani kuangalia mvua.

Maman Nabintu aliichukua karatasi, akasogea mlangoni penye mwanga, akaiangalia sana. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza njia: "Mutoto wangu, nilikufaka siku gani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaomba msamaha, nikasingizia umeme. Hakucheka. Ana kikohozi tangu mwezi uliopita, na mle ndani kila mtu alikuwa anakisikia.

"Bado niko muzima," alisema. "Ikala, uangalie." Nikakaa.

Akatoa kipande cha karatasi ya kaki kwenye kikapu, akamimina chai katikati, akakunja pembe nne ndani kwa ndani, akafunga kwa uzi wa mgomba. Kabla ya kukaza fundo, akaingiza jani moja kavu lililosokotwa, likabaki nje. Hivyo ndivyo anavyowauzia majirani siku zote. Mnunuzi analisugua lile jani kwa vidole, ananusa, anajua anachobeba bila kufungua kitu. "Muntu hatakunywa uso yangu," aliniambia. "Atakunywa majani."

Wiki nzima jibu lilikuwa kwenye daftari langu. Nikachora pale pale juu ya goti: karatasi ya kaki, ndani nailoni nyembamba ya kuzuia unyevu, nje muhuri mmoja wa wino mweusi, "Chai ya Miti", na lile jani kwenye fundo. Basi. Cito alitikisa kichwa kukubali bila kuniangalia. Wananingoja kesho jioni.

Nilipotaka kuikunja ile karatasi nyingine niondoke nayo, Maman Nabintu aliizuia kwa mkono. "Ile iache hapa. Siku yangu ikifika, hawa batoto hawataanza kukimbia-kimbia kutafuta picha." Akaiweka chini ya godoro lake. Cito akatoka nje.

Nimerudi, nimefungua mashine ili nianze muhuri. Kwanza nilitaka kuifuta ile aibu ya jana, nisiione tena. Ndipo nikalisoma jina la faili.

Heri.

Heri ni mdogo wangu. Mwaka jana risasi ilimkuta akitoka dukani. Watu walituambia haikuwa yake, ilikuwa inapita tu. Picha yake niliitengeneza mwenyewe, siku mbili bila kusimama, kwa sababu sikutaka mkono mwingine umguse. Tangu hapo maiti wote niliwatengeneza juu ya faili yake. Namtoa, namweka mwingine, nahifadhi kwa jina jingine, na Heri anabaki mahali pake. Kila mara. Jana sikubadilisha jina la faili. Nilibonyeza tu kuhifadhi, na uso wa Maman Nabintu ukamfuta Heri.

Nimetafuta kila mahali. Picha ya asili ilikuwa kwenye simu yake, na simu haikurudi na mwili. Iliyobaki ni ile ya karatasi kwenye ukuta wa nyumba ya mama, mtaani Kadutu, ambayo unyevu umeshaila kutoka kidevuni hadi mdomoni. Tangu Pasaka mama ananiomba nimchapishie nyingine. Mimi, mwenye mashine ya kuchapisha, nimekuwa nikimjibu kesho, mama, kesho.

Sijamwambia mtu.

Asubuhi nitachonga muhuri wa chai, maana wale wamama hawana muda wa kuningoja nilie. Nikimaliza nitapanda Kadutu, niibandue ile karatasi ukutani taratibu, nione kama kuna uso wa kuokoa. Mama ataniona nikifika na bahasha tupu mkononi, ataamini moyoni mwake kwamba hatimaye nimemletea picha mpya. Atafuta meza kwa kitenge chake ili niiweke.

Nitamwambia nini? Kwamba nilikuwa na haraka?