Mlio wa Nyuma ya Pikapu

Ipole, 6 Oktoba 2024

Baba, shikamoo. Habari za Tabora, na mgongo unaendeleaje? Sisi wazima, kazi ya kurina asali tu imetuchosha. Naandika kwa kuwa simu hupokei. Pikapu inaunguruma kwa nyuma nikikanyaga mafuta, nikiachia inanyamaza. Hapa hakuna fundi, na wewe gari likipita tu barabarani ulikuwa unajua linaumwa wapi. Nimeurekodi huo mlio, nakutumia kwa WhatsApp. Usikilize tafadhali.

Mwanao, Mwanahawa

Tabora, 7 Oktoba

Marahaba mwanangu. Mgongo haujambo. Simu yangu inasumbua, wewe niandikie tu. Mlio nimeusikia vizuri sana. Hiyo ni beringi ya tairi la nyuma, kulia. Badilisheni, msihangaike na kingine.

Baba yako

Ipole, 19 Oktoba

Shikamoo baba. Unaendeleaje? Beringi tumebadilisha, siku mbili juani, mlio upo palepale. Jana nikataka kukutumia tena, ndipo nikaona nilichokutumia mara ya kwanza. Si gari. Ni mjukuu wako Zuwena anakusomea Alhamdu, ndiyo kwanza ameihifadhi. Nawe ukajibu beringi! Nilikasirika baba, kisha nikalia. Tangu lini husikii?

Mwanao, Mwanahawa

Tabora, 11 Novemba

Marahaba mwanangu. Natumai hamjambo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Ni mwaka wa pili sasa. Lilianza sikio la kushoto, la kulia likafuata. Nimechoka kuitikia "eeh" kwa mambo nisiyoyasikia, msikitini, sokoni, gereji. Niliona aibu, fundi kiziwi nani atampelekea gari?

Nimeisoma tena barua yako ya kwanza. Uliandika mwenyewe kwamba ukiachia mafuta inanyamaza. Hiyo ni dalili ya difu, ile gia ya katikati ya ekseli ya nyuma, wala haikuhitaji masikio. Nilikuwa na haraka ya kujifanya nimesikia. Ileteni polepole. Nitaipandisha jeki, bisibisi niiweke kwenye difu, mpini niung'ate. Meno bado yanapata mtetemo.

Sauti ya Zuwena ndiyo sijui niing'ate wapi. Alisoma vizuri?

Baba yako

Ipole, 12 Novemba

Shikamoo baba. Alisoma vizuri, alikosea mahali pamoja tu. Tunakuja Jumamosi, sote. Nikifika sitapiga honi, nitaingia uani nikushike bega. Zuwena anasema pikapu isubiri. Kwanza atakuegemea asome, mkono wako ukiwa mgongoni kwake.

Mwanao, Mwanahawa