Juisi Ile Haikukuponyoka

Wifi yangu Zainabu,

Amani iwe juu yako huko ulikotangulia. Hili sitaki kumwachia mtu aniandikie. Madaktari wamenirudisha nyumbani Mkolani, na maana yake naijua. Kabla sijakufuata, watu wajue kwa nini ulinimwagia juisi ya ukwaju kwenye arusi ya mpwa wetu.

Tulikuwa tumekaa mkekani, wanawake wa ukoo mzima, shangazi mmoja akaanza kuiga mwendo wa bwana arusi. Nikacheka kama wenzangu, nikajikojolea. Wenzangu wakainuka kwenda kucheza. Mimi nikaganda pale pale. Ulinitazama usoni mara moja tu, ukaja na jagi, ukanimiminia lote mapajani.

"We Zainabu! Macho umeyaacha dukani kwako Mkuyuni?" wakakupigia kelele.

"Niacheni! Mwalimu huyu kazidi kujidai, acha nimwogeshe mbele ya wakwe."

Chumbani, ukinibadilisha khanga, ulinong'ona, "Tangu lini?" Nikakwambia: tangu hedhi ilipoanza kukatika. Nikikohoa, nikicheka, nikisujudu. Ndiyo maana nilikuwa nimeacha kwenda msikitini, udhu haukai.

"Nami nilidhani ni maringo ya kusoma," ukasema, kisha ukalia.

Nilifundisha baiolojia maisha yangu yote, wifi, na bado niliamini kwamba ule ni uzee tu, wa kuvumiliwa. Wewe ndiye uliyenipeleka hospitali, kwa yule binti wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi. Akatueleza kwamba misuli inayoshikilia kibofu na kizazi hulegea umri ule, na kwamba inafundishika.

"Kaza kama unayezuia upepo mbele ya mkweo," akaniambia. Nikakaza. "Mama, hapo umekaza uso. Halafu pumua."

Ulicheka hadi ukashika ukuta. "Mwanangu, utamweza? Huyu kazoea kusahihisha wenzake!"

Majuma yalipita sioni kitu. Nilitaka kuacha, lakini kila asubuhi simu yako: "Umekaza?" Hata salamu hutoi. Hadi Ramadhani ile tuliposali tarawehe bega kwa bega. Nilisujudu, nikainuka, nikasujudu tena, mkavu. Tulipotoa salamu ya mwisho ukaniminya kidole.

Wao wakaendelea kukuita Mwagajuisi. Hata kwenye msiba wako walikisimulia kisa kile, nami nikacheka nao, nikanyamaza. Ulikuwa umeniambia siri ni yangu, niifungue nikitaka. Ijumaa iliyopita nikawaita mabinti zangu na wake wa wanangu, nikaifungua yote. Hakuna aliyecheka. Wakanibusu mkono, wakaondoka mmoja mmoja.

Mke wa mwanangu mkubwa, ambaye siku hizi kwenye shughuli hukaa karibu na mlango, alibaki nyuma, anakunja mkeka ambao tayari umekunjwa.

"Mama," akasema bila kunitazama, "hapo hospitali mtu anaingilia geti gani?"

Nimemwelekeza, wifi. Na kila asubuhi, maadamu ninaamka, nampigia kumuuliza swali lako.

Asante. Kwa kicheko changu, kwa sijda zangu, kwa jina lako ulilokubali lichekwe badala ya langu. Ukiniona naja, njoo na jagi. Safari hii tutakunywa.

Wifi yako,
Mwalimu